Umepata D na kejani kumenyamaza? Soma hii kabla ulipe karo ya chuo chochote

Tuanze na ile siku. Matokeo ya KCSE yametoka, simu inapita mkono kwa mkono, kila mtu anataka kuona. Alafu wanaona. Mathe anasema "ni sawa tu", lakini anasema akiangalia sufuria. Buda anatoka nje kama mtu ameskia ng'ombe zimeingia kwa shamba. Wewe unabaki hapo na simu yako na hiyo gredi.

Kama hiyo ndio hali yako, ama ya mdogo wako, kaa hapa dakika kumi. Hauko peke yako. KCSE ya 2024, waliopata C+ kwenda juu, ile alama ya kuingia digrii, walikuwa 246,391. Ukiskia hivyo unadhani ni watu kibao, lakini hiyo ni kama robo ya wote waliofanya mtihani. Robo tatu iliyobaki ilibaki na swali kama lako: sasa?

Mtaani jibu huwa moja. "Si uende tu TVET?" Na hilo "tu" ndio shida, kwa sababu linakufanya uone ni kama vyuo vyote ni kitu moja, unachagua chenye kiko karibu na steji. Zi. Kuna kozi za uhandisi, kuna za usimamizi, kuna za ufundi wa mkono, na kila moja ina mwenyewe, ina karatasi yake na ina mlango inafungua. Ukikosea mlango, hakuna mtu anarudisha doo.

Mimi nilikosea. Kwa hivyo hii sio mahubiri, ni risiti.

VENYE NILICHOMA DOO YA MATHE

Nilifanya KCSE 2016, ule mwaka wa Matiang'i, nchi nzima ikatoa A 141 peke yake. Mimi nikatoka na C-. Si mbaya, nilijiambia, hiyo ni diploma. Nikaona bango huko chini ya tao: diploma ya usimamizi wa biashara, miezi kumi na nane, nafasi ni chache. Chuo kilikuwa orofa ya tatu, juu ya duka la simu. Kulikuwa na viti, ubao na mwalimu mwenye tai. Nani angeuliza kitu kingine?

Mathe wangu anauza nguo za watoto Gikomba. Alichukua mkopo kwa chama, nikalipa elfu kumi na nane ya muhula wa kwanza. Nikalipa ya pili. Ya tatu nikalipa nusu, nusu ingine nikaahidi.

Wakati wa kujiandikisha mtihani wa KNEC ukafika, jina langu halikuwa popote. Si langu tu, la darasa mzima. Tukaenda ofisini, tukaambiwa "kituo chetu bado kinashughulikiwa". Wiki mbili baadaye tukaambiwa tutafanyia mtihani kwa chuo kingine, lakini kila mtu aongeze doo. Walioweza wakaongeza. Mimi sikuwa na ya kuongeza, na sikuwa na uso wa kumwambia mathe aongeze. Kwa mwezi mzima nilikuwa natoka kejani asubuhi na bagi kama mtu anaenda darasani, napiga duru tao, narudi jioni.

Mathe alimaliza kulipa ule mkopo miezi saba baada ya mimi kuacha chuo. Hajawahi kunitupia hiyo maneno hata siku moja. Afadhali angenitupia.

Kitu inaniuma sio kuacha. Inaniuma kwa sababu swali moja lingeniokoa, na halikuwa swali gumu: cheti ya mwisho ni ya nani, na huyo mwenye cheti anajua hiki chuo kiko?

Hiyo ndio kitu nataka ubebe leo. Kila mtu huanza na "kozi gani iko na doo?" Wewe anza na "karatasi ni ya nani, na inaniruhusu kufanya nini?" Sasa twende pole pole.

NI NGAZI, SIO SHIMO

Vyuo vya ufundi vinapanga masomo kwa levo. Zile utaskia sana ni tatu:

Levo ya 4, inaitwa Artisan. Hapa hata kama uko na D- ama E, unaingia.

Levo ya 5, Craft. Hapa wanataka D plain kwenda juu.

Levo ya 6, Diploma. Hapa ni C- kwenda juu, na kozi nyingi za uhandisi zitaangalia pia alama yako ya hesabu na fizikia.

Sasa hapa ndio watu hawaambiwi ukweli. Mtu wa E akiingia Artisan, si ati amefungiwa huko maisha. Ukimaliza 4 unapanda 5, ukimaliza 5 unapanda 6, na diploma yenye umepita vizuri inaweza kukupeleka digrii. Utafika umechelewa kuliko beste yako wa C+, ni kweli. Lakini utafika ukiwa unajua kushika spana, na njiani ulikuwa unaweza kula na hiyo kazi.

Kuhusu mitihani, kuna mitindo miwili. Wa zamani ni wa KNEC, wale wale wa KCSE: unasoma, unakaa chini, unaandika. Wa sasa unaitwa CBET, na mwenye cheti ni TVET CDACC, baraza lililoundwa na sheria ya TVET ya 2013. Vyuo vimekuwa vikihama kutoka kwa ule wa kwanza kwenda kwa huu wa pili. Kwa CBET, kozi imekatwa vipande vipande, na kila kipande unapimwa ukifanya kazi yenyewe. Unaweka faili ya ushahidi: picha za kazi, ripoti, vitu umetengeneza. Mwisho unaambiwa umeiva ama bado. Kwa hivyo ukiskia mtu anasema "hiyo sio ya KNEC, ni bandia", mwambie apunguze. Muulize ni ya nani, alafu uangalie kama huyo mwenyewe yuko kisheria.

UHANDISI: DIPLOMA HAIKUFANYI INJINIA, NA HIYO SIO MATUSI

Kozi za uhandisi ni kama umeme, mitambo, magari, ujenzi, elektroniki, upimaji wa ardhi, friji na AC. Watu wengi wanaingia wakidhani wanatoka mainjinia. Wacha nikueleze mapema ili usikuje kulia baadaye.

Kwa sheria ya Kenya, jina "injinia" liko na mwenyewe. Wanaitwa Engineers Board of Kenya, wako chini ya sheria ya 2011, na wanataka digrii ya uhandisi wenye wanaitambua. Ukiwa na diploma, wewe ni fundi mitambo wa ngazi ya kati, na bodi yako ni ingine: KETRB, iliyoundwa na sheria ya 2016. Unajiandikisha huko kama teknishani. Hiyo ni kazi kamili. Kwa kiwanda, injinia anachora, teknishani ndio anaambia mashine iwake. Mashine ikikataa saa nane usiku, simu inapigwa kwa nani?

Lakini ona venye mlango unafanya kazi. Tuchukue umeme. Tuseme msee amejenga nyumba Ruai, anataka Kenya Power wamletee mita. Kabla waweke, lazima kuwe na karatasi ya kuonyesha waya zimefanywa na kukaguliwa na mtu ako na leseni. Hiyo leseni hutolewa na EPRA. Iko kwa madaraja, unaanza na C2 za kazi ndogo za nyumba, unapanda. Wanaangalia vyeti vyako na uzoefu wako, na wanakuita intavyu.

Sasa fikiria mafundi wawili kwa hiyo nyumba. Wa kwanza anajua kazi kama kiganja chake, lakini hana leseni. Amechimba ukuta, amevuta waya, amefunga soketi zote. Wa pili anakuja siku moja na tai, anapima, anaweka sahihi. Nani ako na nguvu ya kutaja bei yake? Na wa kwanza akidhulumiwa ataenda kulia wapi?

Solar pia ni hivyo. EPRA ina leseni za T1, T2 na T3, kutoka mitambo midogo ya nyumba mpaka ile mikubwa. Watu kibao wanafunga panel huku mashinani bila hata kujua hiyo kitu iko. Kama unaingia kozi ya umeme leo, uliza mwalimu siku ya kwanza: nikimaliza, ni leseni gani naweza kuomba? Akikuangalia kama umemtusi, hama.

Kitu ya mwisho hapa. Kama ndoto yako ni kupanda kutoka diploma mpaka digrii ya uhandisi, kuna vyuo vikuu vimezaliwa kutoka kwa poli. Technical University of Kenya ilikuwa Kenya Polytechnic, na Technical University of Mombasa ilikuwa Mombasa Polytechnic. Lakini kabla ulipe popote, hakikisha hiyo digrii yenyewe, sio chuo tu, inatambuliwa na hao wa Engineers Board.

USIMAMIZI: KOZI RAHISI KUFUNDISHA, NA HAPO NDIO MTEGO

Hebu jiulize kitu. Mbona vyuo vingi vya orofani tao vinafundisha usimamizi wa biashara, na hakuna hata kimoja kinafundisha kuchomelea chuma?

Kuchomelea kunataka mashine, gesi, chuma, miwani, nafasi na mwalimu ameshawahi kuungua. Usimamizi unataka viti na ubao. Mtu akitaka kufungua chuo ya haraka, atachagua gani? Sisemi kozi ni mbaya. Nasema ndio rahisi kuuza bila kuwa na kitu ndani. Kwa hivyo huku ndio unafaa kuuliza maswali makali zaidi, na huku ndio sisi huuliza machache, kwa sababu kozi inaskika ya ofisi.

Ukitaka kuingia huku, ingia ukiangalia bodi ya mwisho.

Hesabu za pesa: mwenye nyumba ni KASNEB. CPA wanataka C+, lakini kama hukufika, kuna diploma yao ya ufundi wa uhasibu, ATD, unaanzia hapo unapanda mpaka CPA. Mtihani ni wao, hata usomee wapi. Chuo kinaweza kufungwa kesho, namba yako ya KASNEB ibaki yako.

Ununuzi na stoo: kuna sheria ya 2007, na KISM ndio husajili na kupeana leseni kwa wale wanafanya hiyo kazi.

Kuajiri na kusimamia wafanyakazi: kuna sheria ya 2012, na IHRM ndio wenyewe.

Umeona mchezo? Diploma ya "usimamizi wa biashara" hivi hivi, bila bodi mbele yake, ni karatasi inakuambia umesoma. Hakuna kazi inasema ni lazima uwe nayo. Inaweza kukusaidia kama tayari uko na kazi ama biashara. Lakini kama unaitegemea ikufungulie mlango wa kwanza, huo mlango unagombaniwa na watu wa digrii.

Alafu kuna upande mwingine wa hii kozi wenye sikuujua mpaka nikaonyeshwa na binamu yangu. Ngoja tumfikie.

KAZI YA MKONO: BINAMU YANGU WA D-

Binamu yangu alipata D- mwaka mmoja na mimi. Kwa mikutano ya familia tulikuwa tunatambulishwa pamoja: "huyu yuko diploma Nairobi, na huyu ako tu hapo poli." Ile poli ilikuwa chuo cha ufundi cha kaunti, karibu na kwa kukhu, huko Kakamega. Alikuwa anasomea kufunga waya. Wasichana walikuwa wawili kwa darasa.

Hivi vyuo vidogo vina historia. Vilianza kuenea baada ya baraza la makanisa, NCCK, kutoa ripoti ya 1966 ikiuliza watoto wakimaliza shule wataenda wapi. Swali ni lile lile leo. Baada ya katiba ya 2010 vikawa chini ya kaunti. Na ile aibu ya kusema "ako tu poli" ni ya zamani kuliko hiyo. Kabete, yenye leo ni National Polytechnic, ilianzishwa 1924 na mkoloni ikiitwa Native Industrial Training Depot. Ofisi na sahihi zilikuwa za wengine, mwafrika akafundishwa kutengeneza meza. Mababu zetu walielewa hiyo ujumbe vizuri, wakaapa watoto wao watakalia hiyo meza. Ndio maana mpaka leo mzazi akiskia "kazi ya mkono" anaskia kama umeshindwa.

Binamu hakungoja aibu iishe. Alifanya Trade Test ya NITA. Hii kitu wengi hawaijui, na ni ya muhimu. NITA ni mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, makao yake ni Industrial Area, Nairobi. Trade Test iko na gredi tatu: unaanza ya III, unapanda II, unamaliza I. Hawakuulizi KCSE ulipata nini. Wanakupatia kazi, unaifanya wakiangalia. Plamba, seremala, mwashi, makanika, mshonaji, mtu wa saluni, wa kuchomelea, wote wana mtihani wao.

Na kama umejifunzia kazi jua kali, bila kukanyaga darasa, kuna njia inaitwa RPL. Unapimwa kwa kile tayari unajua, unapatiwa cheti. Una mjomba amekuwa makanika miaka ishirini na hana hata karatasi moja? Mtumie hii.

Watu wa mjengo pia wako na mlango wao. NCA, mamlaka ya ujenzi, haisajili makontrakta peke yake, kutoka NCA1 mpaka NCA8. Inasajili pia mafundi na wasimamizi wa saiti. Siku ile foromani anachuja watu, kadi yako inaongea kabla ya wewe.

Sasa ile kitu nilisema tutafikia. Binamu alipopata leseni yake akaitiwa kazi ya shule moja, madarasa manne. Alifurahi, akaandika bei kwa karatasi ya daftari. Alihesabu waya, soketi, taa na nguvu zake. Hakuhesabu gari ya kubeba vitu, hakuhesabu msaidizi, hakuweka kitu ya shule kuchelewesha malipo. Akamaliza kazi akiwa na deni la duka la hadwea. Alinipigia simu usiku: "Si wewe ulisomea hizo vitu za biashara? Nifunze."

Nilicheka, alafu nikanyamaza. Mihula yangu miwili na nusu ilikuwa na kitu moja ya maana, na sikuwa nimeitumia popote: kuweka bei, kutoa faida, kuandika barua ya kuomba kazi, kutofautisha pesa ya biashara na pesa ya unga. Tukakaa kwa simu, nikamtengenezea karatasi ya bei. Bado anaitumia. Kila akipata kazi kubwa ananitumia kitu kidogo, na mara ya kwanza nilimpatia mathe yote. Hakuuliza imetoka wapi.

Kwa hivyo ukiniuliza leo, usimamizi ni kozi tamu sana kama ya pili. Shika ufundi mkononi kwanza, alafu ongeza hesabu za biashara juu yake. Serikali yenyewe imetenga asilimia 30 ya tenda zake kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu, lakini hakuna tenda hupewa mtu hawezi kuandika bei.

DOO ITATOKA WAPI?

Vyuo vya serikali ni nafuu kuliko unavyodhani, na mara nyingi ni nafuu kuliko vile vya orofani. Kabla ya mfumo wa 2023, karo ilikuwa Sh56,420 kwa mwaka: serikali inalipa Sh30,000, wewe unabaki na Sh26,420. Piga hesabu yangu tena. Elfu kumi na nane kwa muhula mara tatu ni elfu hamsini na nne. Nililipishwa mara mbili ya mtu wa chuo cha serikali, kwa mtihani ambao haukuwa.

Tangu 2023 kukaletwa mfumo wa kugawa karo kati ya ufadhili, mkopo na kile familia inaweza, kulingana na hali yenu. Ili uguse hiyo pesa, pitia njia ya serikali: omba nafasi kupitia KUCCPS, alafu omba mkopo wa HELB. Ndio, HELB ni ya watu wa TVET pia, sio ya kempasi peke yake. Na uulize bursari ya kaunti na ya eneo bunge, usione haya. Angalia karo ya mwaka wako kwa tovuti ya KUCCPS kabla ya kuamini mtu yeyote, hata mimi.

Usisahau atachi. Kozi nyingi zinakutaka uende kazini miezi kadhaa kabla umalize, na huko kuna nauli, buti na chakula, na mara nyingi hulipwi. Anza kuweka ya atachi mapema. Waajiri wengine husema hawana nafasi, lakini jua kila mwajiri anafaa kulipa NITA Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo. Kuomba atachi sio kuomba msaada.

MASWALI MATANO KABLA UTOE HATA SHILINGI

Andika haya kwa simu. Ukifika chuo, uliza yote, na uulize ukiwa na mzazi.

Moja. Je, TVETA inawatambua? Hao ndio husajili vyuo vyote vya ufundi, vya serikali na vya watu binafsi. Usiridhike na cheti imetundikwa ukutani. Ingia tovuti ya TVETA, tafuta jina la chuo, alafu uhakikishe kozi yenyewe imekubaliwa. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yako isiwe.

Mbili. Cheti ya mwisho ni ya nani? Jibu liwe moja kati ya KNEC, CDACC, NITA, KASNEB ama bodi nyingine unaweza kuthibitisha. Jibu likiwa "ni yetu wenyewe, inatambulika kimataifa", shika bagi yako utoke.

Tatu. Nyinyi ni kituo cha mtihani? Omba namba ya kituo. Tafuta mtu wa mwaka wa mwisho hapo nje, muulize kama jina lake lilitoka siku ya kujiandikisha. Hili ndio swali nililokosa kuuliza.

Nne. Naweza kuona karakana? Hesabu mashine, alafu hesabu wanafunzi. Kama mashine ya kuchomelea ni moja na darasa ni watu sitini, utamaliza kozi ukiwa mtazamaji. Angalia pia kama mashine ina vumbi. Vumbi haidanganyi.

Tano. Jumla yote ni pesa ngapi? Sio karo tu. Mtihani, ovaroli, vifaa, kitambulisho, atachi, kila kitu. Waandike kwa karatasi na waweke muhuri. Wakikataa kuandika, umeshajibiwa.

Ukiuliza haya, kuna mtu wa ofisi atakuangalia vibaya. Wacha akuangalie. Mimi niliogopa kuonekana mshamba mbele ya jamaa wa tai, na huo woga ulimgharimu mathe miezi saba ya kuuza nguo za watoto ili alipe deni la hewa.

Kwa mzazi mwenye anasoma hii: mtoto hajafa. Mtoe nje ya hiyo nyumba imenyamaza, mkae chini, mpige hii hesabu pamoja. Na wewe mwenye gredi: hiyo herufi inaamua unaanzia ngazi gani. Haiamui unaishia wapi.

Binamu yangu wa D- saa hii yuko diploma ya umeme, anasoma huku akifanya kazi. Na mimi? Nimeuliza yale maswali matano kwa chuo kimoja cha serikali hapa Nairobi. Wamejibu yote, wakaandika, wakapiga muhuri. Safari hii mathe hachukui mkopo.